MUULIZE FUNDI: Pedeli laini, gia zinakwaruza

Swali: Shikamoo fundi. Nina Land Rover 109 ya mzee, nimeifunga injini na giaboksi ya Hiace. Masta ya klachi ya chini (ile ya kwenye giaboksi inayosukuma klachi) ni ileile ya Hiace, ya juu (inayosukumwa na pedeli) ya Land Rover ilikuwa inavuja nikaweka ya gari ndogo. Pedeli laini kabisa ila namba moja na rivasi zinakwaruza, upepo kwenye mafuta tumetoa mpaka tumechoka. Wananiambia nibadilishe presha pleti (sahani inayobana diski ya klachi), ni kweli?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Presha pleti usiiguse kwanza, utashusha giaboksi bure. Piga pedeli harakaharaka mara kadhaa, shikilia chini, ingiza gia. Ikikubali, bado kuna upepo mahali, ikikwaruza vilevile mimi naishuku hiyo masta ya juu, ni ndogo. Gari ndogo nyingi zina masta ya inchi 5/8 (upana wa tundu la ndani), Land Rover yako ilikuja na 3/4, kwa macho tofauti huioni lakini mafuta yanayosukumwa ni mengine kabisa. Chukulia ya chini ni 13/16 (ya kwako ipime na venia, kile kipimo cha taya, usimsikilize muuza spea) na pistoni ya juu inatembea mm 30: ya 5/8 itaisukuma ya chini mm 17 na ushee, ya 3/4 zaidi ya 25. Ndo maana mguu unaona raha huku klachi haijaachia.

Hiace za abiria zimejaa hapo, muombe dereva mwenye giaboksi kama yako, mtu akanyage pedeli wewe ukiwa chini na rula upime kijiti cha masta ya chini kinatoka mm ngapi, halafu pima na cha kwako. Usikimbilie masta kubwa mno, pedeli itakuwa ngumu na pistoni ya chini inaweza kuchomoka, weka bolti ya kuizuia pedeli.

Na angalia sana nati za paipu, hapa watu wanaumia. Land Rover za zamani nyingi nati yake ina uzi wa inchi 3/8, Toyota ni mm 10, sasa ile ya 3/8 inaingia kwenye tundu la 10 ikilegealegea, unaikaza unaona imeshika, kumbe imeshika uzi mmoja miwili tu, siku unapanda Lushoto kutokea Mombo inachomoka huna klachi. Tengenezesha paipu yenye nati tofauti kila upande. Mafuta ni ya breki, DOT 3 au DOT 4, oili ya injini hata tone usiweke, raba zinavimba.

Ukishapata hizo mm za Hiace na za kwako tuandikie, tukupigie hesabu ya masta inayokufaa.