Maswali ya Wasomaji: Pumzi ya Moto na Vifungo Vitatu

SWALI: Nafanya yoga ya Kundalini nyumbani. Kila nikifika karibu nusu dakika ya pumzi ya moto, yaani kuhema haraka kwa pua, kichwa huzunguka, vidole huchomachoma na midomo hufa ganzi. Rafiki yangu ananiambia hiyo ni nishati inapanda, nisiache. Je, niendelee?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Hapana, acha zoezi papo hapo dalili hizo zinapoanza. Unapohema kupita mahitaji, unatoa hewa ya kabonidayoksaidi haraka kuliko mwili unavyoitengeneza. Inapopungua kwenye damu, mishipa ya damu ya ubongo hubana, ndiyo maana kichwa kinazunguka. Kalsiamu iliyo huru katika damu nayo hushuka, neva zikasisimka, na wa kwanza kulalamika ni vidole na midomo. Rudi kwenye pumzi ya kawaida ya puani, utulie. Hali hiyo hupita baada ya dakika chache.

Tatizo si pumzi ya moto yenyewe, ni namna unavyoifanya. Pumzi hii ni ya haraka lakini ni fupi: kila mpigo hubeba hewa kidogo tu. Wengi hujaza kifua kizima kila mara, na hapo ndipo wanapozidisha. Wengine hutoa kwa kishindo na kuacha hewa iingie yenyewe. Hiyo ni kapalabhati, zoezi jingine kabisa. Katika pumzi ya moto, kuvuta na kutoa hulingana kwa nguvu na kwa muda, wala hakuna kituo katikati.

Anza upya hivi. Keti mgongo ukiwa wima, chini au kwenye kiti, kiganja kimoja juu kidogo ya kitovu. Fungua mdomo, toa ulimi, uheme kama mbwa aliyetoka kukimbia kwa sekunde 15. Sikiliza tumbo linavyoruka chini ya kiganja. Sasa funga mdomo, mwendo uleule uendelee kwa pua. Hewa ikitoka kitovu kinaingia ndani, ikiingia kitovu kinatoka nje. Kama kwako kinakwenda kinyume, usilazimishe kasi. Lala chali, weka kitabu tumboni, uvute pumzi polepole mpaka kitabu kizoee kupanda unapovuta na kushuka unapotoa. Hata ikichukua wiki nzima, ichukue.

Kasi ya kawaida ni pumzi 2 hadi 3 kwa sekunde, lakini anza na moja. Usawa ni muhimu kuliko kasi. Mabega na uso vitulie. Mabega yakipanda na kushuka, ujue kifua kimechukua kazi ya tumbo. Fanya sekunde 30, pumzika dakika moja, rudia mara tatu. Wiki ikipita bila dalili, ongeza sekunde 15, hadi dakika 3. Siku ya mafua, iache.

SWALI: Naomba mpangilio sahihi wa vifungo vitatu (bandha) vya yoga: cha shingo, cha misuli ya chini na cha tumbo. Mwalimu mmoja alinifundisha kidevu kiguse kifua, mwingine akasema kirudi nyuma tu.
Msomaji, Nairobi

JIBU: Kuhusu kidevu, kila mmoja yuko sawa katika mkondo wake. Yoga ya Hatha ya kale hukishusha kifuani. Kundalini iliyoenezwa Marekani na mwalimu wa yoga Yogi Bhajan kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 hukirudisha nyuma tu. Usichanganye mikondo miwili katika zoezi moja. Kwa jalandhara (kifungo cha shingo) ya Kundalini, inua kidari, rudisha kidevu nyuma kiasi cha upana wa kidole, kisogo kipande juu, macho yabaki yameelekea mbele. Koo lisibanwe. Iweke tangu mwanzo wa zoezi na ibaki.

Mulabandha, au mula, ni kifungo cha misuli ya chini. Kaza njia ya haja kubwa kwanza, kisha misuli inayozuia mkojo, kisha vuta sehemu iliyo chini ya kitovu kuelekea uti wa mgongo. Ukizoea, hatua hizo huwa mkazo mmoja laini. Makalio, mapaja na taya visishiriki: ukijiona unainuka kwenye kikalio, umekaza makalio. Theluthi ya nguvu zako inatosha. Kifungo hiki hufanywa pumzi ikiwa imezuiwa ndani au nje. Usijizoeze kwa kukatiza mkojo chooni, maana kibofu hakitamaliza kujimwaga.

Udiyana, kifungo cha tumbo, ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa sababu watu hudhani ni kukaza tumbo. Si hivyo. Toa pumzi yote, funga koo, kisha tanua mbavu kana kwamba unavuta hewa lakini usiiruhusu iingie. Kiwambo, yaani msuli unaotenganisha mapafu na tumbo, hupanda, na tumbo huingia lenyewe chini ya mbavu. Likiwa gumu badala ya kubonyea, umekaza. Legeza uanze tena. Usiifanye kamwe mapafu yakiwa yamejaa, maana kiwambo kiko chini na utabaki unashindana na shinikizo la hewa. Kaa sekunde 5 hadi 10. Legeza tumbo kwanza, ndipo uvute pumzi. Hewa ikiingia kwa kishindo, umekaa kupita kiasi.

Vikiwa pamoja vitatu vinaitwa mahabandha: jalandhara ipo, pumzi yote iko nje, mula, kisha udiyana. Usiijaribu kabla kila kimoja hakijakaa vizuri peke yake.

SWALI: Nikae muda gani baada ya kula?
Msomaji, Tanga

JIBU: Saa tatu hadi nne baada ya wali au ugali, saa mbili baada ya chai na mkate.

SWALI: Nina mimba ya miezi minne. Niendelee na nini?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Hongera, dada. Acha pumzi ya moto, udiyana na kuzuia pumzi mpaka ujifungue na mkunga akuruhusu. Baki na pumzi ndefu ya puani: vuta kwa hesabu ya 5, toa kwa 5. Misuli ya chini unaweza kuikaza taratibu huku unapumua, bila kuvuta kitovu. Wenye presha ya juu, ugonjwa wa moyo, kifafa, glakoma (presha ya macho), ngiri au vidonda vya tumbo nao waache hayo matatu hadi waonane na daktari.

SWALI: Mimi ni mpiga mbizi. Nikifanya pumzi ya moto kabla ya kuzama, nitakaa chini zaidi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Usifanye hivyo, tafadhali sana. Kinachokulazimisha kupumua ni hasa kabonidayoksaidi kuongezeka, wala si oksijeni kupungua. Ukiifukuza kabla ya kuzama, hamu ya kupumua huchelewa, ilhali oksijeni haikuongezeka kwa kiasi cha maana kwani damu ilikuwa imeshiba tayari. Oksijeni inaisha kabla ya hamu kufika, unazimia chini ya maji bila onyo. Wamekufa hivyo hata waogeleaji hodari. Mazoezi ya kuzuia pumzi yafanyie nchi kavu, umeketi sakafuni.