Gari Lisilokula Mafuta: Maswali Yenu na Majibu

Wiki hii karibu kila aliyeandika ametaka kujua gari lipi halili mafuta. Swali ni halali, hasa kwa anayekwama Mombasa Road kila jioni. Lakini mkisoma hadi chini mtaona kwamba mara nyingi pesa huvujia pengine kabisa.

Mimi ni mwalimu, naishi Kahawa Wendani na kazi iko South B. Sacco imenipa mkopo wa shilingi 850,000. Ninunue Vitz ya injini ya cc 1000 au ya 1300? Mwenzangu ananiambia ya 1000 haili kitu. — Mwalimu, Kahawa Wendani

Mwalimu, mwenzako hajadanganya, ila hajamaliza. Vitz ya 1000 ina silinda tatu. Ukiwa peke yako kwenye Thika Road, msongamano ukitambaa kutoka Roysambu hadi Muthaiga, inabana mafuta kweli. Ipakie watu wanne, gunia la viazi na mtungi wa gesi uelekee Murang'a Ijumaa jioni, hapo mambo yanageuka. Kila mlima utakanyaga hadi mwisho, na injini ndogo inayokanyagwa hivyo hunywa karibu sawa na ya 1300 inayopanda bila kuhangaika. Kama gari ni la mjini tu, chukua ya 1000. Kama ushago ni kila mwezi, chukua ya 1300.

Sasa tupige hesabu, maana mafuta yanaogopwa kuliko yanavyostahili. Tuseme unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi na lita ya petroli ni shilingi 180. Gari linalokwenda kilomita 18 kwa lita litakula kama shilingi 10,000. Linalokwenda 16 litakula 11,250. Huo ndio ugomvi wote kati ya Vitz zako mbili: shilingi 1,250 kwa mwezi. Gari la kilomita 12 kwa lita litakula 15,000, na hapo tofauti ya 5,000 inaonekana mfukoni. Hata Oktoba 2023, EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, ilipotangaza petroli ya Nairobi kuwa shilingi 217.36, tofauti hiyo ya 5,000 ingepanda hadi kama 6,000. Inauma, lakini unaiona ikija kila mwezi na unaweza kuipangia. Giaboksi ikifa haikutangazii.

Kwa hiyo kati ya Vitz ya 1000 iliyochoka na ya 1300 iliyotunzwa, usifikirie mara mbili. Na usitumie 850,000 zote. Pesa hizo hazifikii gari linaloshuka melini sasa, kwa hiyo utanunua lililokwisha kutumika hapa nchini, na la hapa nchini karibu kila mara lina deni lake: tairi zilizoisha, shokamzoba zinazolia, breki zilizobaki wembe. Tenga kama 100,000 za bima na sabisi ya kwanza, ununue gari la 750,000.

Muuzaji mmoja wa Ngong Road ananihakikishia kwamba Toyota Aqua inakwenda kilomita 35 kwa lita. Ni kweli au ananiuzia maneno? — Mama wa watoto wawili, Umoja

Namba hiyo hakuitunga. Aqua ilipozinduliwa Japani Desemba 2011, Toyota iliitangaza kwa kilomita 35.4 kwa lita. Ni kipimo cha serikali ya Japani kiitwacho JC08, na hupimwa ndani ya maabara, gari likizungusha magurudumu juu ya mashine. Hakuna matuta ya Umoja, hakuna matatu inayokukatia mbele, na kiyoyozi kimezimwa. Huku kwetu tarajia kilomita ishirini na kitu ukiendesha kwa utaratibu. Bado ni nzuri sana.

Tena Aqua ni haibridi, yaani ina injini ya petroli na mota ya umeme, na haibridi hupenda msongamano. Gari la kawaida likisimama Outering Road linachoma petroli bure. Aqua hapo huzima injini, ikatambaa kwa umeme, na kila unapokanyaga breki inarudisha chaji kidogo kwenye betri. Ndiyo maana baadhi ya madereva wa teksi za simu waliihamia. Anayeishi karibu na barabara kuu na kukimbia kilomita 100 kwa saa asubuhi na jioni hatapata faida kubwa hivyo.

Mnachoogopa wote ni betri kubwa, na hapo nakuomba ukague kitu kimoja kwa macho yako. Fungua mlango wa nyuma, utazame ubavuni mwa kiti cha nyuma. Kuna tundu lenye kimia cha plastiki. Hapo ndipo betri, iliyo chini ya kiti, inapovuta hewa ya kujipoza. Kwa gari lililobeba watoto utakuta hapo makombo ya biskuti, nywele na vumbi lililoshikana kama blanketi. Tundu likiziba betri hupata joto, na betri yenye joto hufa mapema. Kusafisha hakugharimu kitu. Kununua betri ni habari nyingine. Kabla hujalipa, peleka gari kwa fundi mwenye mashine ya kusoma haibridi, akuonyeshe nguvu ya kila fungu la betri. Mafungu yakitofautiana sana, punguziwa bei ya betri nzima au uondoke.

Ukishanunua, pima mwenyewe. Jaza tangi hadi pampu ijikate, rudisha kihesabio cha safari kwenye sifuri, tembea wiki nzima, jaza tena kwenye pampu ileile. Gawanya kilomita kwa lita ulizotia. Kile kiwango kinachoonekana kwenye dashibodi huwa na matumaini kidogo.

Nina shilingi milioni 1.4. Fielder au Volkswagen Golf ya mwaka uleule? Golf ina raha, imekaa barabarani, na kwa kweli Fielder inanichosha macho. — Kijana wa Lang'ata

Kuhusu macho sibishani nawe. Golf ni gari tamu kuendesha, na mafuta yake hayatishi kama watu wanavyosema. Tatizo ni siku utakayoiuza.

Tufanye makisio. Chukua zote mbili kwa milioni 1.4, ukae nazo miaka minne. Fielder uiuze kwa milioni moja, Golf kwa 750,000. Fielder imekugharimu 400,000 katika miezi 48, yaani kama 8,300 kila mwezi. Golf imekugharimu 650,000, kama 13,500. Tofauti ni zaidi ya 5,000 kwa mwezi, sawa na ile tofauti ya mafuta tuliyomhesabia Mwalimu kati ya gari la kilomita 18 na la kilomita 12. Ila hii hakuna anayeilalamikia kwa sababu hailipwi kituoni. Inakusubiri mwisho.

Mbona Fielder inashikilia bei? Wanunuzi wake hawaishi. Mwenye teksi anaitaka, mwenye duka anaitaka, mhubiri anaitaka. Spea zake ziko Kirinyaga Road na karibu kila mji wenye soko, na fundi yeyote chini ya mti ameshaifungua. Golf ina wanunuzi wachache, na kila mmoja wao atakuja na swali la giaboksi. Wana sababu: ile giaboksi ya Volkswagen iitwayo DSG, ya gia saba yenye klachi kavu, ilisumbua dunia nzima, na mwaka 2013 Volkswagen ililazimika kuyarudisha gereji magari zaidi ya 380,000 nchini China kwa ajili yake. Ikihudumiwa na anayeijua inadumu. Waulize mafundi wako ni wangapi wanaoijua.

Nikutahadharishe pia na wale wanaosema "gari langu halikushuka bei hata senti." Wengi walinunua kabla shilingi haijaanguka. Dola ilipofika karibu shilingi 160 mapema 2024, magari yanayoagizwa yalipanda, na yaliyokuwa hapa nchini yakavutwa juu nayo. Gari lilichakaa kama kawaida, shilingi ndiyo iliyochakaa zaidi. Usipange bajeti yako kwa bahati hiyo.

Kama roho yako iko kwa Golf na unakusudia kukaa nayo miaka kumi, nunua. Kushuka bei humuumiza zaidi anayebadilisha gari kila mara.

Fundi wangu anasema oili ya giaboksi ya Nissan Note haibadilishwi, ni ya maisha. Gari limeanza kujivuta nikipanda. — Embakasi

Maisha ya nani? Note hii inatumia giaboksi ya CVT, isiyo na gia za kawaida bali mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na oili ndiyo inayouwezesha mkanda huo kushika bila kujisaga. Oili ikichoka, mkanda unateleza. Ibadilishwe, na itiwe ile hasa ya CVT ambayo Nissan imeelekeza kwa gari lako, ile ya NS-3. Fundi akikuletea oili nyekundu ya giaboksi za kawaida kwa sababu ni rahisi, funga boneti uende zako. Giaboksi nyingi za CVT zilizokufa mjini hapa ziliuawa na kibuyu cha mafuta yasiyo yake.

Kwa wengine mnaofikiria kununua Note, Fit au gari lolote la CVT: lijaribuni asubuhi likiwa limepoa, halafu likishapata moto mlipandishe Waiyaki Way kuelekea Uthiru. Injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, au likitetemeka linapoanza kuondoka, hapo kuna bili.

Gari la 2015, mita inasoma kilomita 62,000. Niamini? — Ruaka

Amini raba ya pedali kwanza. Ikiwa imelika hadi chuma, usukani unang'aa na kiti cha dereva kimebonyea upande wa mlango, mita imerudishwa nyuma. Omba karatasi ya mnada wa Japani, kwa kuwa huandikwa kilomita na hali ya gari siku ile lilipouzwa. Alama ya R humaanisha lilishagongwa likatengenezwa. Gari la kilomita 140,000 zenye rekodi ya sabisi ni bora kuliko 62,000 za kuambiwa.

Niagize mwenyewe kutoka Japani au ninunue kwenye yadi? — Syokimau

Ukiwa na subira na pesa taslimu, agiza. Utachagua mwenyewe na utaiona karatasi ya mnada. Zingatia mambo mawili. Gari lisizidi miaka minane, ama halitaingia. Na ushuru hautokani na bei uliyolipa: KRA, mamlaka ya ushuru, ina orodha yake ya bei za magari mapya, hupunguza kulingana na umri, kisha hukokotoa hapo. Ndiyo maana gari la bei ya chini mnadani linaweza kukushtua Mombasa. Injini isiyozidi cc 1500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, na inayozidi hapo huanzia asilimia 25. Kwa hiyo Demio, Fit ya 1300, Vitz na Fielder ya 1500 zina nafuu tangu bandarini.

Yadi hukuuzia urahisi, na hukopesha. Riba ya mkopo wa yadi isome mara mbili ukiwa nyumbani.

Probox ni gari la aibu? — Kasarani

Aibu ni kusukumwa. Nunua.

Nimepata Passo safi kwa bei ya chini sokoni. Dalali anasema tulipane leo, uhamisho wa jina tutafanya baadaye mwenyewe akirudi kutoka Mombasa. — Kayole

Bei ya chini ndiyo hiyo, na huyo mwenyewe aliye Mombasa ndiye sababu yake. Kabla ya shilingi moja kutoka, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen uone jina la mmiliki, na kama benki au Sacco imeandikwa pamoja naye. Ikiwa imeandikwa, gari lina mkopo. Uhamisho huanzishwa na muuzaji mwenyewe kwenye akaunti yake, kisha wewe ukaukubali kwenye yako. Dalali hawezi kumfanyia. Mwambie dalali akupigie simu mwenye gari atakaporudi, na ukutane naye mchana, mbele ya fundi wako.