Mhuri atapiga nani?

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Umeuliza kama ukubali kazi ile ya barabara, maana meneja mwenyewe amekwambia wanatafuta mhandisi mwanamke ili orodha yao ipendeze kwenye zabuni. Mimi naanzia kwingine: nataka kujua mhuri wa mhandisi, ule wa kuidhinisha michoro, atapiga nani.

Habari ya kalavati, lile la kupitisha maji chini ya barabara, unaijua, ila sijawahi kukumalizia. Mwaka 1988 nilikuwa fundi sanifu, cheti mkononi, na saiti nikapewa kuandika mahudhurio ya vibarua na kupokea saruji. Siku mpimaji alipougua malaria, nikasimamisha leveli, chombo cha kupimia mwinuko, mwenyewe, kibarua akanishikia stafu, ule mti wenye vipimo. Nikasoma mara tatu. Mdomo wa kutokea maji ulikuwa juu ya ule wa kuingilia kwa sentimita 12. Nikampelekea msimamizi daftari. Hakulifungua. Akasema, "Dada, wewe hesabu mifuko." Masika yakaingia, maji yakalala barabarani siku nne, kalavati likavunjwa. Likajengwa upya kwa vipimo vyangu, na ripoti ikatoka kwa jina la mpimaji. Daftari ndilo lile lililomo kwenye sanduku la bati, ambalo baba yako alitaka kulichoma tulipohama, nikamkatalia.

Kuingia si kazi, kazi ni kubaki. Nilikwambia ulipokwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, narudia leo. Kitivo cha Uhandisi kilianza pale mwaka 1973, mabinti wakawa wanaingia, lakini ripoti ya UNESCO ya 2021 inasema duniani kote wanawake ni asilimia 28 tu ya wanaohitimu uhandisi. Hao ni wanaohitimu, wanaobaki saiti sijawagusa. Sisi tulimaliza wanne. Watatu waliacha kazi ya ufundi kabla ya miaka kumi, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa na hesabu.

Halafu nafikiri, labda nakosea. Hata mimi nilichukuliwa kwa kuwa mradi ulitaka kuonyesha una wanawake. Pasipo hivyo nisingeigusa leveli ile. Kulikiri hilo kunaniuma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Natamani sana kukwambia nenda. Basi nanyamaza, wewe ndiye umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na mhuri una jina lako. Ila kabla hujasaini mkataba, waandike humo ni michoro ipi utaidhinisha wewe, na ripoti za vipimo vyako zitatoka kwa jina la nani. Wakisitasita, nipigie hata usiku wa manane.

Mama yako