Maswali ya Wasomaji: Kujitengenezea Kifaa cha Kunolea Msumeno

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni seremala hapa Mafinga, ninatengeneza milango na vitanda vya mbao za paina. Msumeno wangu wa inchi 26 wa kukatishia (wa kukata kwa kuvuka nyuzi za mti) umenolewa na mafundi mbalimbali hadi meno yamekuwa marefu kwa mafupi, na sasa kila ninapokata unauacha mstari na kuvutia kulia. Je, ninaweza kutengeneza kifaa cha kunisaidia kuunoa mwenyewe kwa pembe ileile tangu jino la kwanza hadi la mwisho?

JIBU: Ndugu msomaji, unaweza, na masalia ya mbao yaliyomo karakanani mwako yanatosha. Unahitaji vitu viwili: kibanio cha kulishika bamba la msumeno na kibao kidogo cha kuongoza tupa. Wengi hukimbilia kibao, lakini kwangu kibanio ndicho cha kutangulia, kwa sababu bamba linalotetemeka hupiga kelele, huua makali ya tupa, na hakuna pembe itakayodumu juu yake hata ukiipima vizuri namna gani.

Chukua vipande viwili vya mti mgumu, mninga ukiupata, vyenye urefu wa sentimita 45, upana wa sentimita 20 na unene usiopungua sentimita 2, uviunge kwa bawaba upande wa chini. Kingo za juu zichongwe mshazari kwa nje ili tupa na vidole vyako vipate nafasi ya kupita. Kwa ndani, mahali taya zinapokutana, usizinyooshe kabisa, bali piga randa kidogo sana katikati ili ncha za pande zote mbili zigusane kwanza. Kibanio hiki utakifunga ndani ya jiliwa ya mezani, yaani kile kibanio cha chuma cha skrubu, nayo hubana katikati tu; taya zilizonyooka huelekea kulegea kwenye ncha. Zilizopunguzwa katikati hulikamata bamba sawasawa kwa urefu wote. Kisha bandika vipande vya ngozi au vya mpira wa ndani wa baiskeli kwenye taya hizo. Funga msumeno humo ukiacha meno yatokeze milimita 5 tu juu ya kibanio. Kwa kuwa kibanio ni kifupi kuliko msumeno, mpini utabaki nje, nawe utalisogeza bamba mara moja tu.

Kibao cha kuongozea ni kipande cha mti mgumu chenye urefu wa sentimita 6 hivi, kilichotobolewa tundu dogo la kukaza ncha ya tupa ya pembe tatu. Nenda kwenye meno yaliyo karibu na mpini, ambayo kwa kawaida hayatumiki sana na huhifadhi umbo lake la asili. Laza tupa katika mwanya wa meno hayo hadi ikae yenyewe, halafu kaza kibao kwenye ncha yake huku ukingo wa juu wa kibao ukiwa sambamba na mstari wa meno. Tangu hapo, kila utakapouweka ukingo huo sambamba, jino litapata mlalo uleule. Ikiwa hata meno hayo yameharibiwa, tumia kipimapembe: kwa msumeno wa kukatishia, uso wa mbele wa jino ulale nyuma nyuzi 15 hivi kutoka wima.

Kuna pembe ya pili, ambayo msumeno wa kupasulia, yaani wa kukata kwa kufuata nyuzi za mti, hauihitaji kwa kuwa wenyewe hunolewa kwa kuvusha tupa moja kwa moja. Meno ya kukatishia yanapaswa kuwa na ncha kali za kukata nyuzi za mti, kwa hiyo tupa iende mshazari, nyuzi 20 kutoka mstari unaolivuka bamba. Chora mistari ya pembe hiyo kwa penseli juu ya kibanio, na seti nyingine inayoelekea upande wa pili kwa rangi tofauti, kwani utakapougeuza msumeno pembe nayo itageuka.

Kabla ya yote, sawazisha urefu wa meno kwa kupitisha tupa bapa juu ya ncha zake hadi kila jino, hata lile fupi kabisa, lipate doa linalong'aa. Usiruke hatua hii, kwa maana kasoro yako kubwa iko hapa. Rudisha umbo la meno kwa kuvusha tupa moja kwa moja, ukipunguza zaidi penye doa kubwa, kisha pinda meno kwa kupishana kushoto na kulia, nusu ya juu ya jino tu. Paina mbichi huhitaji mpindo mkubwa kidogo kuliko mninga mkavu. Mwisho ndipo unoe kwa mshazari, ukiruka mwanya mmoja na kunoa unaofuata, halafu ugeuze msumeno umalizie uliyoiruka. Tupa hukata inaposukumwa tu. Iinue unapoirudisha, na isikose mpini, kwani mkia wake ukiteleza huchoma kiganja vibaya.

Jaribu kwenye kipande cha ubao. Msumeno ukiendelea kuvutia kulia, pitisha jiwe la kunolea mara moja, taratibu, kwenye ubavu wa kulia wa meno, kisha ujaribu tena kabla ya kurudia.

SWALI: Nimenunua msumeno mpya, na tupa inateleza juu ya meno bila kukata chochote. Je, nimeuziwa tupa mbovu? (Msomaji, Machakos)

JIBU: Tazama ncha za meno. Zikiwa na rangi ya buluu iliyoiva hadi weusi, zimekomazwa kwa joto kali kiwandani na zina ugumu unaoshinda tupa. Msumeno huo haunoleki kwa mkono. Utumie hadi uishiwe makali, kisha kata bamba lake vipande vya mstatili vya kukwangulia mbao baada ya randa.