Mpango wa data kwenye andiko la ruzuku: anza na fomu ya ridhaa

SWALI

Naandaa andiko la kuomba ruzuku ya miaka mitatu. Utafiti unahusu watu wazima wanaoishi na kisukari aina ya pili: dodoso kwa washiriki 600, vipimo vya damu, na mahojiano ya kina na watu 40 yatakayorekodiwa sauti. Mfadhili anataka mpango wa kusimamia na kushirikisha data usiozidi kurasa mbili. Mwenzangu aliyepata ruzuku mwaka jana amenipa wa kwake niufuate, ila mradi wake ulikuwa wa vinasaba vya bakteria. Je, nalazimika kuweka wazi data zangu zote? Niseme nitazihifadhi wapi? Na gharama zake zinaingia wapi? Sehemu nyingine zote za andiko zimeshakamilika, pamoja na bajeti na fomu ya ridhaa.

JIBU

Nianze na sentensi yako ya mwisho, maana hapo ndipo penye hatari. Mpango wa data ukiandikwa mwisho, bajeti ikiwa imeshafungwa na fomu ya ridhaa imeshachapwa, unabaki kuwa kurasa mbili za ahadi zisizo na pa kushika. Ruhusa ya kushirikisha data inatoka kwenye fomu ya ridhaa. Fedha ya kuziandaa inatoka kwenye bajeti, na muda wa kuziandaa unatoka kwenye ratiba ya kazi. Anayesoma andiko lako upande wa mfadhili anazo nyaraka hizo zote mezani, na zikipishana anaona. Kwa hiyo kabla hujaandika neno la mpango, zifungue tena hizo nyingine.

Fomu ya ridhaa kwanza. Tafuta humo sentensi ya aina hii: "Taarifa zako zitaonwa na watafiti wa mradi huu peke yao, na zitateketezwa baada ya miaka mitano." Imeenea mno, kwa sababu fomu nyingi hurithiwa kutoka mradi mmoja hadi mwingine, na aliyeiandika mara ya kwanza alikusudia mema. Lakini ukiiacha, mpango wowote utakaosema data zitawekwa kwenye hazina, yaani ghala la mtandaoni la kutunzia data, watafiti wengine wazitumie utakuwa unavunja neno ulilompa mshiriki. Wala huwezi kurekebisha baadaye kwa urahisi. Kuwatafuta upya watu 600 uwaombe ridhaa ya pili ni kazi kubwa. Wengine watakuwa wamehama, wengine wamefariki, na wengine watakataa, nao wana haki.

Badala yake andika jambo ambalo mshiriki ataelewa na wewe utaweza kulitimiza. Kwa mfano: "Majina na mawasiliano yako yatatenganishwa na majibu yako na hayatatolewa kwa mtu yeyote nje ya mradi. Majibu na vipimo, vikiwa vimeondolewa taarifa za kukutambulisha, vitahifadhiwa na vinaweza kutumiwa na watafiti wengine katika tafiti za afya zilizoidhinishwa." Kwa mahojiano weka kisanduku chake cha kukubali au kukataa, kwa sababu mtu anaweza kuwa radhi kutoa kipimo chake cha sukari na asiwe radhi maneno yake kuhusu ndoa au kazi yasomwe na wageni. Uamuzi huo ni wake, na mpango wako useme wazi kwamba mahojiano ya waliokataa hayatashirikishwa. Ikiwa kamati ya maadili imeshaipitisha fomu ya zamani, omba marekebisho sasa, kabla hujamwandikisha mshiriki wa kwanza.

Sasa swali lako la data zote. Hapana, hulazimiki. Kila mfadhili ana maneno yake, na tangazo la ruzuku yako ndilo linalokufunga, lakini sera kubwa zinaelekea upande mmoja. Kanuni ya Umoja wa Ulaya katika Horizon Europe, mpango wake wa kufadhili utafiti, ni kwamba data ziwe wazi kadiri inavyowezekana na zifungwe kadiri inavyolazimu. Sera ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, iliyoanza kutumika tarehe 25 Januari 2023 inadai data za kisayansi, yaani zile zenye ubora wa kutosha mtu mwingine kuthibitisha na kurudia matokeo, hata zile ambazo hazikuingia kwenye makala. Madaftari ya maabara, uchambuzi wa awali na sampuli zenyewe za damu havimo. Sera hiyo inakubali mipaka inayotokana na maadili, sheria au ridhaa, mradi uieleze. Kinachokataliwa ni kimya, au neno moja "siri" lililoachwa bila sababu.

Hapo ndipo mpango wa mwenzako usipokufaa. Mfuatano wa vinasaba vya bakteria una hazina yake inayojulikana duniani, GenBank, iliyoanzishwa mwaka 1982, una miundo yake ya faili, na bakteria hana faragha ya kulindwa. Wagonjwa wako wanayo. Chukua kwake mpangilio wa vichwa vya habari, basi.

Gawa data zako mafungu matatu na uamue kila fungu peke yake. Dodoso na vipimo vinaweza kushirikishwa vikishaondolewa utambulisho. Maandishi ya mahojiano yashirikishwe kwa masharti: anayeyataka anaomba, anaeleza matumizi, anasaini makubaliano. Sauti zenyewe zisishirikishwe kabisa, kwa kuwa sauti ya mtu humtambulisha hata asipotaja jina. Sema tu zitafutwa lini, na nani atathibitisha kwamba zimefutwa.

Kuhusu kuondoa utambulisho, naomba usiandike "majina yataondolewa" ukaishia hapo. Mtafiti wa faragha ya data Latanya Sweeney alikadiria mwaka 2000, kwa kutumia takwimu za sensa ya Marekani ya mwaka 1990, kwamba 87% ya watu wa nchi hiyo wangeweza kupambanuliwa mmoja mmoja kwa vitu vitatu tu: tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsi, na msimbo wa posta. Jina halimo katika vitu hivyo. Sasa fikiria mstari mmoja wa jedwali lako: mwanamke, kazaliwa tarehe fulani, mwalimu mkuu, anahudhuria kliniki fulani, amekatwa mguu. Kila jirani anamjua. Mpango mzuri unasema tarehe ya kuzaliwa itageuzwa kuwa kundi la umri la miaka mitano mitano, kazi itapangwa katika makundi mapana, jina la kliniki litapewa namba, na mchanganyiko wowote wa sifa unaowaangukia watu wachache mno utaunganishwa na kundi jingine au kufichwa. Funguo inayounganisha namba za washiriki na majina itunzwe mbali na data, ikiwa imesimbwa (haisomeki bila nenosiri), na ni watu wawili au watatu tu wanaoweza kuifungua.

Sehemu ambayo waombaji wengi huipita kwa haraka ni maelezo ya data, na kwangu mimi ndiyo inayoamua kama kushirikisha kuna faida. Chukua safu moja ya jedwali yenye kichwa "sukari" na ndani yake 7.2. Ni milimoli kwa lita, au ni kitu kingine? Maabara nyingine zingeandika kipimo hichohicho kama miligramu 130 kwa desilita. Kilichukuliwa mgonjwa akiwa hajala, au saa mbili baada ya chakula? Kwa mashine gani? Kisha kuna safu ya umri yenye watu kadhaa wa miaka 99, ambao kwa kweli hawakutaja umri na karani akajaza namba ya "hakujibu". Mtafiti wa nje atakokotoa wastani wa umri na watu hao wakiwamo. Tarehe 03/04/2024 nayo inasomwa Machi na wengine, Aprili na wengine. Iandikwe 2024-04-03 na ubishi unakwisha.

Kwa hiyo ahidi kamusi ya data: faili moja inayotaja kila safu, maana yake, kipimo chake, thamani zinazokubalika na namba ya kukosekana kwa jibu. Ianze siku dodoso linapotengenezwa, ikue pamoja na data. Mwishoni mwa mradi hakuna atakayekumbuka. Jedwali la mwisho litolewe kama CSV (jedwali la matini tupu), maandishi ya mahojiano kama matini ya kawaida, ili yeyote ayafungue bila kununua programu, na msimbo wa uchambuzi uambatane nayo. Ndilo lengo la kanuni za FAIR (kifupi cha maneno manne ya Kiingereza) zilizochapishwa mwaka 2016: data zipatikane, zifikike, zioane na nyingine na zitumike tena. Ukizitaja, ambatanisha na vitendo hivi, maana herufi nne peke yake hazimshawishi mtu.

Mahali pa kuhifadhi ni maswali mawili tofauti ambayo huchanganywa mara nyingi: wakati wa mradi, na baada yake. Wakati wa mradi data zako ni ndogo kuliko unavyodhani. Sauti isiyobanwa ya chaneli moja, kwa ubora wa kawaida wa kurekodi, hula takriban MB 320 kwa saa. Mahojiano 40 ya saa mojamoja hayafiki GB 13. Dodoso la watu 600 ni MB chache. Kinachotakiwa si diski kubwa, ni nidhamu: nakala tatu, katika vyombo viwili vya aina tofauti, moja ikiwa nje ya jengo, na zote zimesimbwa. Taja pia sauti zitahamishwa lini kutoka kwenye kinasa cha mhojaji, kwa sababu kinasa kikipotea njiani na mahojiano ya wiki nzima ndani yake, umepoteza data na umevunja faragha kwa pamoja.

Baada ya mradi, taja hazina kwa jina. Kwa dodoso na vipimo Zenodo inatosha. Ilianzishwa mwaka 2013, inaendeshwa na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, haitozi ada na inapokea GB 50 kwa kila seti ya data unayoweka. Dataverse ya Harvard nayo inafaa, na zote mbili zinakuruhusu kuweka faili zenye masharti huku maelezo yake yakionekana kwa kila mtu. Zote zinatoa DOI, kitambulisho cha kudumu ambacho wengine watakitaja wanapotumia kazi yako. Ikiwa taasisi yako au fani yako ina hazina inayotunza data nyeti na yenye kamati ya kupitia maombi, mahojiano yapeleke huko.

Na tafadhali usiandike "data zitapatikana kwa kumwomba mtafiti mkuu". Mwaka 2014 mtafiti Timothy Vines na wenzake walitoa matokeo ya kuzitafuta data za makala 516 za biolojia zilizochapishwa kati ya miaka 2 na 22 nyuma. Uwezekano wa data kuwapo bado ulipungua kwa 17% kila mwaka. Barua pepe hufa, kompyuta hubadilishwa, watu hustaafu. Mgonjwa aliyetoa damu na saa yake moja ya mazungumzo anastahili utunzaji usiotegemea kumbukumbu ya mtu mmoja.

Gharama. Wafadhili wengi wanazikubali, na bado waombaji hawazidai. Saa moja ya mahojiano huchukua saa nne hadi sita kuiandika neno kwa neno, hivyo 40 ni saa 160 hadi 240. Ongeza muda wa mtu mwingine kupitia kila ukurasa akiondoa majina ya watu, vijiji na waajiri. Ongeza siku za kusafisha jedwali na kukamilisha kamusi ya data. Hayo ni mishahara, nayo yaingie kwenye mstari wa wafanyakazi kama sehemu ya muda wa msaidizi wa data, si kwenye "mengineyo". Ikiwa hazina inatoza ada ya uhifadhi wa muda mrefu, angalia sharti la kulipia: NIH, kwa mfano, inaruhusu ada ya miaka kadhaa ijayo lakini lazima ilipwe kabla kipindi cha ruzuku hakijaisha. Fedha ikishafungwa, hakuna njia ya kuirudia.

Lini? Andika tukio pamoja na tarehe. Mfumo unaokubalika na wengi ni kwamba data zinazounga mkono makala zitoke siku makala inapochapishwa, na zilizobaki zitoke kabla ruzuku haijaisha. Leseni iwe CC BY kwa zilizo wazi, yaani yeyote azitumie mradi akutaje. Zenye masharti zinaongozwa na makubaliano ya matumizi. Msimamizi mtaje kwa cheo, na useme nani atachukua nafasi yake akiondoka.

Mpango ukishapita, si lazima ubaki ulivyo. Horizon Europe yenyewe inadai mpango kamili ndani ya miezi sita ya kwanza ya mradi na inatarajia utahuishwa. Maabara ikibadilisha mashine, au washiriki wengi kuliko ulivyotarajia wakikataa mahojiano yao yashirikishwe, andika toleo jipya lenye tarehe, limfikie mfadhili na kamati ya maadili kwa pamoja. Kwa sasa, mtumie mhasibu wa mradi ukurasa wa gharama na katibu wa kamati aya ya ridhaa wiki hii, kabla hujagusa kingine.