Re: Ruta ya pili inashika lakini intaneti hakuna

Ndugu, umesema ruta uliyoweka chumbani inashika vizuri kwenye simu ila intaneti haipiti. Ruta haijaharibika. Nahisi zote mbili, hiyo na ile kuu ya sebuleni, zinagawia vifaa anwani za mtandao, tena pengine zote zinajiita 192.168.1.1, ndiyo maana zinagongana.

Chomoa kwanza waya unaotoka sebuleni. Ingia kwenye mipangilio ya hiyo ya chumbani kwa laptopu, badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2 (kama ya sebuleni ni 192.168.0.1, basi weka 192.168.0.2). Ukihifadhi itakutoa, usishtuke, ingia tena kwa anwani mpya, uzime DHCP, yaani ule ugawaji wa anwani.

Sasa rudisha waya, lakini usiuchomeke kwenye WAN, lile tundu lililojitenga na wenzake. Chomeka kwenye LAN, yale matundu yaliyo pamoja. Mimi hapo nilipoteza Jumamosi nzima, nikamlaumu fundi wa watu bure.

Jina na nenosiri la waifai weka sawa na za sebuleni, kwenye usalama chagua WPA2, aina ya ulinzi wa waifai. Chaneli, yaani njia ya mawimbi ya waifai, chagua kati ya 1, 6 na 11, isiwe ile ya sebuleni. Huku kwetu Pipeline ploti zimebanana, nikiwasha simu naona waifai za majirani hadi ghorofa ya sita, kwa hiyo jaribu zote mbili zilizobaki. Ikigoma, tuma picha ya nyuma ya ruta, ila ufiche nenosiri.