Kwa mnaoingia kwenye tovuti ya mradi: "kwangu inafunguka" si jibu

Kila Julai wanafunzi wa fildi wakishamiminika hapa Moshi, naanza kupokea meseji zilezile za mwaka jana, kilichobadilika ni namba ya simu tu. Tovuti imekuwa nyeupe. Tangazo halionekani. Picha haiji. Mimi nikisema kitu hakifunguki, najibiwa kile ninachokichukia kuliko mgao wa umeme: "Kaka, kwangu inafunguka." Kwako haisomi mtu, mdogo wangu. Wanaoisoma ni makatibu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) huko Marangu, Kibosho na Machame, wanaotumia programu yetu huria kuandika kilo za kahawa, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na bando la siku. Hugo (inayojenga kurasa za tovuti) na git (inayotunza kila badiliko la faili) mnavijua, sitaanzia mbali.

1. Ukurasa mweupe. Themu yetu, yaani mwonekano wa tovuti, ni submodyuli: repo (hazina ya faili) nyingine iliyounganishwa ndani ya yetu. Ukikloni (ukinakili repo kwenye kompyuta yako) bila `--recurse-submodules`, folda ya themu inabaki tupu, Hugo inatoa onyo kwamba haikupata leiauti, kisha inamaliza kazi kana kwamba mambo ni shwari. Onyo lile limewekwa ili lisomwe. `git submodule update --init`, basi.

2. Saa. Hapa nina hasira kidogo. Mkiandika `date: 2025-07-14T09:00:00` bila `+03:00` mwishoni, Hugo inaihesabu kuwa ni UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Unapushi (unapeleka kazi yako kwenye seva) saa tatu na nusu asubuhi, chai iko mezani, lakini huko inakojengwa ni 06:30, kwa hiyo tangazo lako ni la baadaye, na Hugo haichapishi ya baadaye mpaka uilazimishe. Wewe uliliona kwa sababu unaendesha `hugo server` na `-D` na `-F` kwa mazoea, zinazoonyesha rasimu na kurasa za baadaye. Na muda ukifika halijitokezi lenyewe, lazima tovuti ijengwe tena. Kuna dada mmoja aliambiwa tangazo litoke saa tatu, akaandika T03:00, saa tatu ya kwetu sote. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Halafu nikagundua kwamba siku ile tangazo lililotoka ni la kwake peke yake, kwa kuwa saa 03:00 ya UTC ilishapita jua lilipochomoza.

3. Faili inaitwa `Nembo.PNG`, ukurasa unaita `nembo.png`. Windows inakubali, seva ya Linux haitaki. Herufi ndogo tupu, kila mahali.

4. Tokeni (ufunguo wa siri wa kuingilia huduma) ikishaingia kwenye komiti (badiliko lililohifadhiwa) na kupushiwa, kuifuta kwenye komiti inayofuata hakusaidii, historia inayo. Ibatilishe kwanza, kusafisha na kuomba msamaha baadaye.

5. Anuani za kurasa. Msibadilishe. Najua mnaona naning'inia kwenye PR zenu (maombi ya kuunganisha mabadiliko) kama mzee wa baraza kwa sababu ya folda tu, kwa hiyo nieleze.

Mwongozo wetu ulikuwa unakaa `/mwongozo/mizani/`. Mimi nikauona umekaa ovyo. Nilikuwa nimetoka kusoma nyaraka za miradi mikubwa, zenye matoleo na vijisehemu vyake, nikaona aibu, nikahamisha kila kitu kwenda `/nyaraka/v2/`. Nilifanya kazi nzuri, siwezi kujinyima sifa: menyu nilirekebisha, viungo vya ndani nikavipitisha kwenye kikagua viungo, vyote kijani. Nikaunganisha, nikalala.

Nilichosahau ni karatasi. Kabla ya hapo tulikuwa tumechapisha karatasi zenye msimbo wa QR, tukazipeleka AMCOS zibandikwe ukutani karibu na mizani, ili katibu akikwama kwenye kusawazisha sifuri aelekeze simu na kusoma. Msimbo ule ulikuwa umebeba anuani ya zamani. Kikagua viungo kinafuata viungo vilivyo ndani ya tovuti. Ukuta wa Marangu haumo kwenye repo.

Msimu ukafunguliwa. Katibu mmoja, mama wa makamo ambaye huwa hapigi simu bila salamu ndefu, alipiga bila hata shikamoo yangu kumfikia. "Mwanangu, karatasi yako imekufa." Akanitumia picha: simu yake mkononi, ukurasa wa 404 (wa "haupatikani") wa Kiingereza, na nyuma yake foleni ya watu na magunia. Mizani ilikuwa inasoma kilo juu ya sahani tupu na hakuna aliyekubali kupima. Nikamwelekeza kwa simu, kitufe kwa kitufe, huku nikisikia wazee nyuma wakiuliza kama ni mimi niliyeleta mizani ya wizi. Hawakuwa wanatania.

Nikapanda Coaster ya Marangu na karatasi mpya mkobani, na kabla hatujafika Himo nilikuwa nimeongeza `aliases: [/mwongozo/mizani/]` kwenye ukurasa mpya, kwa simu. Mstari mmoja tu! Hugo inatengeneza kijikurasa kwenye anuani ya zamani kinachompeleka msomaji kwenye mpya. GitHub Pages, inakokaa tovuti yetu, haikupi njia ya kuandika sheria za kuelekeza kwenye seva, kwa hiyo hiyo ndiyo dawa. Karatasi za zamani zikafufuka kabla sijashuka. Zile mpya nilibandika hivyo hivyo, maana nimeshafika, na yule mama alitaka kunisema ana kwa ana. Alinisema. Kisha akanipa ndizi.

Ndiyo maana kuna `anuani-za-karatasi.txt` kwenye repo, na kabla ya kuchapisha kila mstari wake unatafutwa ndani ya `public/`, folda ya tovuti iliyokwisha kujengwa. Ikikosekana moja, haichapishwi. Na `404.html` yetu ni ya Kiswahili, ina namba ya ofisi.

6. Mnaochapisha kwa tawi la `gh-pages`: faili la `CNAME`, lenye jina la domeini, likae ndani ya `static/`, la sivyo siku moja litafutika na domeini itaondoka nalo.

7. Umeme ukikatika, endeleeni kuandika na kukomiti. Git haihitaji intaneti mpaka wakati wa kupushi. Sitaki kusikia "hapakuwa na mtandao" kama sababu ya kutoandika aya mbili.

8. Picha. Aliyeweka Kibo ya MB 6 juu ya ukurasa wa mwanzo, najua ni nani, na picha ni nzuri, hata mimi nimeihifadhi. Ipunguze upana hadi pikseli 1200, iwe WebP, aina ya picha nyepesi. Kuifuta kwenye komiti nyingine hakutoshi: zibane komiti za tawi lako ziwe moja kabla sijaunganisha, maana ikishaingia `main`, tawi kuu, kila atakayekloni repo nzima ataivuta pia kwa bando lake. PR yako nimeiacha wazi hadi Ijumaa.